Barua ya wazi kwa Makamu Mkuu wa Chuo chetu: naomba daftari tu

Profesa, shikamoo.

Nakuandikia hadharani kwa sababu barua zangu tatu zilipokelewa ofisini kwako, zikagongwa mhuri, na hadi leo sijajibiwa. Ya kwanza ni ya Novemba.

Jumatatu iliyopita binti wa mwaka wa kwanza alinifuata karibu na dirisha la mitihani, bahasha ya kaki mkononi, ameikunja mara mbili. Akaninong'oneza: "Kaka, hivi huwa wanapewa shilingi ngapi?" Hakuuliza kama ni halali. Aliuliza bei.

Na bei naijua, Profesa. Mwaka jana alama zangu za kozi mbili hazikuonekana kwenye mfumo. Siku kumi na moja nilisimama dirishani hapo: njoo kesho, mhusika katoka, faili liko juu. Bumu, ile hela ya mkopo ya kujikimu, lilikuwa limechelewa, nakula mlo mmoja kwa siku. Siku ya kumi na mbili nikatoa elfu ishirini, hela ambayo mama alinitumia ya kodi ya chumba. Jioni ileile alama zikaonekana. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inamtia hatiani mtoaji pamoja na mpokeaji. Mimi nilitoa. Mama hajui mpaka leo.

Siku ya kutupokea ulituahidi kwamba tutatoka hapa na elimu pamoja na utu. Nilikuamini. Lakini maadili tunafundishwa saa mbili kwa wiki, na dirisha lile linatufundisha kila siku. Labda watumishi ni wachache, labda kuna anayewakingia kifua, labda wewe mwenyewe hufikishiwi habari.

Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu Dar es Salaam waliandamana kupinga kulazimishwa kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa (JKT). Mwalimu Nyerere aliwafukuza, lakini na mshahara wake mwenyewe akaukata kwa asilimia 20. Waliofukuzwa walimwona mkubwa akianza na nafsi yake.

Sikuombi ukatwe mshahara. Naomba daftari. Alama zikipokelewa ziandikwe, mwanafunzi aone, asaini. Daftari tu, Profesa, likae wazi pale dirishani.

Binti yule anarudi Alhamisi. Nimemsihi asitoe hata shilingi kabla sijamjibu. Tafadhali, nijibu kabla ya siku hiyo.

Wako mtiifu,
Mwanafunzi wa mwaka wa tatu