Rekodi ya kasi ya nchi kavu haitokani na injini pekee

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni kuhusu makala yenu ya magari ya jeti yanayowania rekodi ya kasi ya nchi kavu. Makala hiyo ilieleza vizuri nguvu za injini, lakini ilimwacha msomaji akiamini kwamba mwenye injini kubwa kuliko wenzake amekwisha kushinda, jambo ambalo historia ya mashindano haya inalikanusha.

Injini zenyewe si ngeni. Gari la Uingereza la Thrust2, lililofikisha kilomita 1,019 kwa saa mwaka 1983, lilitumia injini ya Avon ya aina iliyofungwa katika ndege za kivita za Lightning, na gari lililolifuata, ThrustSSC, likabeba injini mbili za Spey kama zile za ndege za kivita za Phantom. Kazi ngumu ni kulizuia gari lenye nguvu hizo lisiiache ardhi. Magurudumu yake hayazungushwi na injini; gari husukumwa na msukumo wa jeti. Matairi ya mpira hayastahimili kasi hiyo, ndiyo maana ThrustSSC lilitengenezewa magurudumu ya alumini yasiyo na mpira. Na pua ikiinuka kidogo tu, hewa inayoingia chini yake inaweza kulipindua gari zima.

Kisha kuna kusimama, ambako kwangu mimi ndiko kwenye mtihani mkubwa zaidi. Oktoba 1964, huko Bonneville, Marekani, dereva Mmarekani Craig Breedlove alipoteza miavuli ya kupunguza mwendo. Gari lake likakata nguzo ya simu na kutumbukia katika bwawa la maji ya chumvi, naye akatoka akiogelea. Andy Green naye, dereva wa ThrustSSC, tarehe 13 Oktoba 1997 katika jangwa la Black Rock, Nevada, aliipita kasi ya sauti kwenda na kurudi, lakini kwa kuwa kanuni zinataka safari zote mbili zikamilike ndani ya saa moja, na yeye alizidisha muda kwa chini ya dakika moja, rekodi haikuhesabiwa. Alirudia siku mbili baadaye, akaandikiwa kilomita 1,228 kwa saa, na hadi sasa hakuna aliyemfikia.

Hata njia yenyewe haikutajwa. Kabla gari la jeti la Bloodhound halijapita kilomita 1,000 kwa saa mwaka 2019 katika uwanda wa Hakskeen Pan, Afrika Kusini, mamia ya wakazi wa eneo la Mier waliokota mawe kwa mikono, maelfu ya tani, maana kwa mwendo ule kokoto moja yaweza kuwa hatari kubwa. Nashauri mtakapoandika tena juu ya gari hilo, watu hao nao watajwe.

Msomaji wenu