Nyumba yetu, kiwanja cha wenyewe

Zuhura shoga yangu,

Asalam aleikum. Natumai nyote wazima, mtoto keshapona kile kifua? Sisi tuko alhamdulillahi. Najua nimenyamaza sana na wewe pia umenyamaza, kwa hivyo tusilaumiane, leo nimekuja na shida.

Ile nyumba ya mama pale Majengo, kiwanja kimeuzwa. Kiwanja, si nyumba. Kaja kijana na barua ya wakili, notisi ya miezi mitatu, ati mwenye ardhi mpya ataka kujenga ghorofa. Mama akamwambia mwanangu nyumba hii kajenga mume wangu, udongo wa ukuta huu nimekanda mimi, na kijana akamjibu kwa adabu zote, nyumba ni yako mama lakini imesimama kwa mtu. Sasa tuibebe mgongoni ama?

Basi nimekaa kusoma mpaka kichwa chauma. Zamani huku pwani mtu kuweka nyumba juu ya ardhi ya mwenzake halikuwa jambo la ajabu, wamlipa mwenye ardhi kodi kidogo kidogo mambo yaenda, na sheria ya Kiislamu haikuona tabu nyumba ikiwa ya huyu na ardhi ya yule. Mwingereza akaja na yake, kilichoshikana na ardhi ni cha mwenye ardhi. Mwaka 1908 wakatoa sheria ya hati za pwani, kila mwenye dai aje aandikishe, isiyodaiwa ikawa ya serikali yao. Waliojua ofisi na makaratasi wakapata. Wamijikenda wengi wakaachwa nje, wakawa maskwota hapo hapo walipozikwa babu zao. Na sheria ya kuuziana na kukodishana ardhi ilikuwa ya India, shoga, ya 1882! Mpaka 2012 ndipo ikafutwa.

Kassim, na ujuaji wake wamjua, alituambia tusiwe na wasiwasi, ukikaa kwa ardhi ya mtu miaka 12 waenda korti wapewa. Kweli sheria hiyo ipo, lakini ni ya aliyekaa bila ruhusa ya mwenyewe. Mama ana risiti za kodi tangu enzi za marehemu, kazifunga na mpira ndani ya kopo la biskuti, zingine wino umefifia hata hazisomeki, na kila moja yasema alikaa pale kwa ruhusa. Angekuwa mvamizi asiyelipa hata senti leo angekuwa na la kusema mbele ya jaji! Hili ndilo laniuma Zuhura, nikilala nalo nikiamka nalo. Mama mwenyewe azionyesha zile risiti kwa fahari, na mimi sijui nimwambie vipi.

Halafu mwaka jana ule ukuta wa nyuma uliporomoka nusura umwangukie mtoto wa jirani, nikamuuliza wakili mmoja ingekuwaje, akasema anayekaa na kusimamia nyumba ndiye wa kuulizwa kwanza. Kwa hivyo ukuta ukiua ni wetu, kiwanja kikiuzwa ukuta ni wa tajiri. Ile Katiba ya 2010 nayo iliipa tume ya ardhi kazi ya kuchunguza dhuluma za kale, nikafurahi, lakini huyu wetu ana hati yake safi kanunua juzi, na mzee aliyemuuzia... wacha tu, nisije nikasema ya kusema.

Sasa nakuomba. Yule shemejio wa Nairobi bado afanya kesi za ardhi? Aweza kuiangalia hii notisi nikimtumia picha? Mnunuzi alazimika kutulipa thamani ya nyumba ama ni hisani yake tu? Na wale kina Bi Rukia wa Kisauni walioungana wakataka kununua kiwanja chao, waliuziwa kwa bei gani na walilipa kwa awamu? Wewe mwenyewe waja lini?

Nijibu hata kwa voisi. Na Kassim asijue nimekuandikia, atataka kuja kutueleza upya.

Wako,
Mwanaisha