Barua kwa Neema kabla ya safari ya Aletsch, Uswisi

Mwanangu Neema,

Mpango wako wa Jumamosi nimeusoma mara mbili, mara ya pili mama yako akichungulia begani. Tumeukubali, ila pale ulipoandika tushuke "tukaiguse barafu" nimepachora mstari. Hatushuki.

Unajua nilibeba mizigo ya wageni Kilimanjaro kabla hujazaliwa, kwa hiyo urefu haunitishi. Märjelen, pale tutakapopumzika kando ya barafu, ni kama mita 2,300 tu, wakati Mandara, kituo cha siku ya kwanza njia ya Marangu, ni mita 2,720. Ninachoogopa ni ule ukingo. Aletsch ni mto wa barafu wa kilomita 20 hivi, na unatembea. Ukitembea unapasuka, na ufa ukifunikwa na theluji huuoni mpaka mguu umeshazama. Wanaopita humo hufungana kamba na huwa na kiongozi anayeijua kazi. Sisi tutakuwa na Baraka, miaka tisa, anayekimbilia kila jiwe. Tutakaa kwenye miamba, tuitazame, tule.

Njia uliyochagua ni nzuri: treni hadi Brig, ile nyekundu ndogo hadi Fiesch, kisha gari la waya mpaka Fiescheralp. Mbele kuna handaki la kama kilomita moja ndani ya mlima. Mna baridi humo, basi sweta zivaliwe kabla ya kuingia, tusingoje Baraka aanze kutetemeka. Tukishapumzika Märjelen tunazunguka kurudi Bettmeralp. Fuateni alama nyeupe-nyekundu-nyeupe. Yenye buluu ni ya wapanda milima, si yetu. Na njia ikiwa imefungwa, usiruke kizuizi. Upande wa Moosfluh mlima wenyewe ulianza kuporomoka kwa kasi mwaka 2016, barafu iliyokuwa ikiuegemeza ikiwa imeyeyuka.

Bibi yako nimemsimulia habari za Fiesch kwenye simu. Mwaka 1678 watu wa huko waliweka nadhiri, wakamwomba Mungu barafu isizidi kukua, maana ziwa la Märjelen lilikuwa likifumuka na kuwafurika bondeni. Wakasali hivyo zaidi ya miaka mia tatu. Mwaka 2010 Vatikano ikawaruhusu wageuze sala, waombe isiishe. Bibi alicheka mpaka akakohoa. Kisha akanyamaza, akauliza, "Na sisi Kibosho, ya kwetu Kilimanjaro tuliiombea nini?" Nikamwambia salio linakwisha.

Kila mtu aje na koti la mvua, miwani ya jua na buti zilizokwisha kuvaliwa. Mpya zitakutoa malengelenge kabla ya handaki. Radi za kiangazi hupenda alasiri, kwa hiyo saa saba mchana, tuwe tumefika tusipofika, tunaanza kurudi. Namba 144 ya uokoaji iweke kwenye simu yako, nami nimeiweka.

Tunakutana stesheni ya Bern saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Safari ya Thun niliandika "saa mbili", nikaganda pale stesheni tangu asubuhi, wewe ukatokea saa nane mchana umeshika aiskrimu. Basi safari hii nakuandikia kama ilivyo kwenye tiketi: 6:30.

Chapati ni za mama yako. Wewe lete chupa ya chai, ile isiyovuja.

Baba yako