Tujengewe rolakosta ya mbao, minara inatosha

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika ukurasa wako wa barua nimjibu msomaji mwenzangu wa hapa Ohio aliyeandika wiki iliyopita. Yeye anataka sisi tunaokata tiketi za msimu mzima tupige kelele hadi bustani ya burudani ya Kings Island itujengee rolakosta (treni ya burudani inayopanda na kuporomoka) "ya kugusa mawingu", iwapite wote duniani. Barua yake nimeisoma mara mbili na naona anazipenda treni hizi kwa dhati. Ila hapo kwenye mawingu ndipo tunapoachana njia.

Kwa wasomaji walio mbali: Kings Island iko Mason, juu kidogo ya Cincinnati, na inapokea watu tangu 1972. Palipokuwa na Vortex, treni ya chuma iliyoanza 1987 na kuwapindua watu kichwa chini miguu juu mara sita kwa safari moja, pamebaki patupu tangu ilipofungwa Oktoba 2019. Kila mpenda treni akipita pale hupunguza mwendo, akapima kwa macho. Mwenzangu amepima akaona mnara wa chuma wa futi 400. Mimi nimepima nikaona mbao.

Kazi yangu ni useremala, nafunga makabati ya jikoni, kwa hiyo mtasema mwamba ngoma huivutia kwake. Navutia, sikatai. Lakini nisikilizeni kwanza.

Hili la kuwapita wote lina mwisho mbaya. Mwaka 2003 Cedar Point, bustani nyingine ya Ohio kule juu kando ya Ziwa Erie, walifungua rolakosta ya Top Thrill Dragster yenye kimo cha mita 128. Hakuna aliyekuwa juu yao. Mwaka 2005 New Jersey wakasimamisha Kingda Ka, mita 139, na habari ya Cedar Point ikaishia hapo. Na hiyo Kingda Ka leo iko wapi? Ilifungwa 2024, na Februari 2025 wakaiangusha kwa baruti. Miaka ishirini hata haikufika. Sasa angalieni The Beast, hapa hapa kwetu. Ilifunguliwa 1979, njia yake ina mita 2,243, na mpaka leo hakuna rolakosta ya mbao duniani iliyoipita kwa urefu wa njia. Haikujengwa kwenda juu, ilijengwa kwenda porini. Kimo chake ni mita 33 tu, lakini mporomoko wake mkubwa unafika mita 43, kwa sababu waliojenga waliifuata ardhi na mabonde yake. Bonde ni bure. Mnara unalipia kila boliti.

Tena waliojenga walikuwa watu wa bustani yenyewe. Ukiipanda usiku, gari linaingia kwenye miti kusiko na taa hata moja, na kwa zaidi ya dakika nne hujui kona inayokuja ni ya kulia au ya kushoto.

Niseme kidogo kuhusu mbao, maana wengi hudhani reli ya treni hizi ni gogo lililochongwa. Ni tabaka za mbao zilizolazwa moja juu ya nyingine na kukazwa kwa boliti, halafu juu yake ukanda mwembamba wa chuma ambapo gurudumu linapita. Gari lina magurudumu ya namna tatu: ya juu yanabeba uzito, ya ubavuni yanaliongoza, na ya chini yanaukumbatia ukingo wa reli ili gari lisiruke likifika kileleni. Haya ya chini ni akili ya John Miller, aliyeyapatia hataza mwaka 1919, na bila hayo tungekuwa bado tunateremka polepole kama mkokoteni wa maji. Ule mlio wa kata-kata-kata mnaousikia gari likipandishwa si mnyororo unaolalamika. Ni vyuma vinavyouma meno ya reli kimoja baada ya kingine, ili mnyororo ukikatika gari lisirudi nyuma.

Halafu mbao ina tabia. Asubuhi, grisi ikiwa bado baridi, treni ni nzito. Jioni imechangamka, na kilima kile kile ulichokipita saa nne kwa utulivu sasa kinakunyanyua kitini. Kiunzi chake chote hucheza treni ikipita, na lazima kicheze. Seremala akiona hivyo anatulia. Asiyejua anaanza kusoma dua.

Mwaka juzi mamangu alitoka Mombasa kuja kututembelea. Tulimpeleka Kings Island na mwanangu wa mwisho, miaka minane, inchi 49. Orion, ile ya chuma yenye kimo cha mita 87 iliyofunguliwa 2020, inataka mpandaji awe na urefu wa inchi 54, kwa hiyo mtoto hakuwemo. Mamangu naye alitazama juu mara moja tu akasema, "Mwanangu, mimi nimekuja kuwaona, sikuja kufa." Tukaenda kwenye The Racer, treni mbili za mbao zinazoshindana, moja nyekundu na moja bluu, zilizokuwepo tangu siku bustani ilipofunguliwa. Kimo mita 27, kipimo inchi 48. Mama akaufunga mtandio chini ya kidevu mafundo mawili, miwani akaitia mkobani, akakishika kile chuma cha mapajani na kumuuliza mjukuu wake, "Hiki ndicho kitakachonizuia?" Mtoto akamwambia ndicho. Mimi nikakaa treni ya pili.

Kilima cha kwanza niliwaona ubavuni kwangu. Mama amefumba macho, midomo inakwenda. Kilima cha tatu amefumbua. Kufika kwenye kugeuza alikuwa amemwinua mkono mjukuu wake na wa kwake pamoja naye, anacheka kicheko ambacho sijakisikia tangu baba alipofariki. Treni yao ilitupita kwa kichwa tu. Aliposhuka, miguu ikimtetemeka, alisema, "Kumbe ni pembea ya Makadara iliyopata pesa." Waliokulia Mombasa wanajua anazungumzia nini: pembea za Idd pale viwanja vya Makadara, zinazosukumwa kwa mikono, mtoto na shangazi wamebanana kiti kimoja.

Hicho ndicho ninachokitaka pale palipokuwa na Vortex. Kaeni siku moja karibu na mlango wa kutokea wa treni yoyote kubwa mtazame mabenchi. Yamejaa bibi na babu, mama wenye watoto wachanga, watoto waliopungua inchi mbili tu. Kila mmoja ameshika mikoba ya watu, kofia za watu na soda ya mtu iliyonywewa nusu. Nao wamelipa kiingilio kile kile.

Najua nitakavyojibiwa. Kwanza, kwamba Kings Island ina mbao za kutosha: The Racer, The Beast, Mystic Timbers ya 2017, na Woodstock Express ya watoto wadogo. Ni kweli. Ila ya kwenda juu nayo ipo tayari, ndiyo hiyo Orion, na anayetaka zaidi ana Cedar Point ndani ya jimbo hili hili. Kati ya Woodstock Express na hizo nyingine pana pengo, na ndani ya pengo hilo yumo mtoto wa miaka sita na bibi yake.

Pili, kwamba mbao inagonga mgongo. Hapa sibishani, inagonga ikiachwa. Cedar Point walikuwa na Mean Streak, ilianza 1991, ikazidi kuwa ngumu mwaka hadi mwaka, wakaifunga 2016. Kiunzi walikibakisha kwa sehemu kubwa, wakaweka reli ya chuma, na mwaka 2018 ikarudi kwa jina la Steel Vengeance, mita 62. Nimeipanda na ni tamu ajabu. Lakini hiyo si ya mamangu. Dawa ya mbao ni mafundi wanaoitembelea reli kwa miguu kila asubuhi kabla ya milango kufunguliwa, wakigonga na kukaza, na kubadilisha vipande vilivyochoka wakati wa baridi. Hizo ni ajira, tena za watu wa mikono.

Na kama kuna anayedhani mbao inaweza kushindana na chuma kwa ukubwa, Kings Island yenyewe ilijaribu. Son of Beast ilifunguliwa 2000, mita 66, na kitanzi cha kupindua watu juu yake. Julai 2006 watu 27 waliumia, kitanzi kikaondolewa, na mwaka 2009 ikafungwa kabisa. Ilibomolewa 2012, na mahali pake sasa inapita Banshee ya chuma. Waliitaka mbao ifanye kazi isiyo yake.

Kwa hiyo ombi langu ni hili. Ardhi ya Vortex ina mteremko. Waanze juu, washuke nao, treni iwe karibu na majani kiasi cha mtu kukunja miguu bila kuambiwa. Kimo mita 20 kinatosha, kisizidi 25. Wachimbe handaki moja, la kutosha watoto kupigia kelele. Kitanzi wasiweke. Viti viwe vya wawili wawili, bila ukuta katikati, mtoto aweze kumshika bibi. Na kipimo kishuke chini ya inchi 48 kwa mtoto aliyekaa na mtu mzima. Wahandisi wa leo hilo haliwashindi.

Kasi wataamua wao. Sisi tuliopanda The Racer na kilomita zake 85 kwa saa hatujawahi kuona haja ya kumuuliza mtu ni ngapi.

Mamangu anarudi Julai. Anataka The Beast, na anaitaka usiku. Nimemwambia akae magari ya katikati, kwa sababu la nyuma huvutwa kileleni kwa nguvu kuliko yote. Amenijibu kwamba kama ni hivyo, atakaa la nyuma.

Msomaji wako,
Columbus, Ohio