Bethdei yangu ya miaka tisa, kwenye treni

Mwanangu,

Jana ulivyonuna kisa nimesema mwaka huu hakuna pati ya ukumbini nilikuangalia tu nikanyamaza, ila usiku usingizi ukakata nikawa namuwaza babu yako. Nakuandikia maana nikisema kwa mdomo utaniambia "mama hiyo stori ushaisimulia", na kweli nimeisimulia sana, ila mwisho wake hata mimi nilikua siujui mpaka Pasaka hii iliyopita.

Ilikua Julai 1993, natimiza miaka tisa. Babu yako kapata likizo, akasema mama (si unajua ananiita mama, nimerithi jina la mama yake) safari hii tunaenda Tukuyu na TAZARA. We treni unayoijua ni hii ya umeme, unapanda Dar unasinzia kidogo unaambiwa Dodoma hiyo. Ile yetu ilijengwa na Wachina miaka ya 70, inakwenda mpaka Kapiri Mposhi kule Zambia, kilomita 1,860, na sisi tu wa kushukia Mbeya tunalala njiani.

Sasa daraja la pili chumba kina vitanda sita, na wanawake hawachanganywi na wanaume labda mkate tiketi za chumba kizima. Kwaiyo nikawekwa na wakinamama watano, baba akasema we kaa hapa na shangazi zako, mi nipo behewa la huko mbele. Nikalia kidogo, nikapewa karanga nikanyamaza.

Jioni jua linaanza kushuka nasikia ngo ngo ngo, "mama toka haraka!" Tulikua tunakatiza Selous, hiyo sehemu siku hizi ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Akanishika gauni kwa nyuma nisije nikadondokea nje ya dirisha la koridoni, na pale karibu kabisa na reli wamesimama twiga watatu wanatafuna taratibu, wanatuangalia yani kama sisi ndo tumeletwa waone. Mi twiga nilikua namjua wa kwenye kitabu cha shule tu.

Basi usiku kila stesheni anagonga. Ifakara kaleta ndizi. Mlimba hana hata cha kuleta, kaniamsha kuniuliza "umelala?" Kuna mama mmoja wa Njombe kitanda cha chini akasema huyu baba yako leo atatuua na usingizi, na yeye ndo alikua anakoroma kuliko wote!

Asubuhi Makambako ukungu mzito, baridi ile ya Julai inaingia mpaka kwenye meno. Baba kaja na chai kwenye kikombe cha plastiki na maandazi mawili kwenye gazeti, bado ya moto, mafuta yamepita kwenye maandishi. Akaniita koridoni nikajua naenda kunywa chai, kumbe mkono wa pili kaficha kidumu cha maji. Akanimwagia utosini! Kidogo tu, ila maji ya Makambako we hujawahi kuyaonja. Nilipiga ukelele wale wakinamama wote wakatoka, walivyoambiwa ni bethdei vigelegele mpaka behewa la pili, mama wa Njombe akavua kitenge chake akanifuta kichwa.

Sikuona keki siku hiyo na wala sikuikumbuka.

Kitu kimoja nakumbuka, tulivyoshuka Mbeya baba alikua anatembea amekakamaa, anashikilia ukuta, nikamcheka nikamwambia unatembea kama bata. Na yeye akacheka.

Sasa Pasaka nimefika kwa babu yako nalalamika siti za basi zimenibana magoti, akanijibu huku anamenya ndizi, yani kama anataja bei ya vitunguu: "Mi mwaka ule nilikaa daraja la tatu mpaka Mbeya. Hela ilitosha kitanda kimoja." Nikamuuliza mbona hukusema? Akasema ungekubali kulala?

Kwaiyo wiki ijayo tunapanda basi mimi na wewe tunaenda kwake, beba sweta zito sio lile la kofia. Kanipigia leo asubuhi kuuliza unapenda maandazi au vitumbua, na kasema maji ya kukumwagia anayaweka nje usiku kucha yapoe vizuri. We ukimbie tu, magoti yake hayawezi tena kukufukuza.

Mama yako