Usilivunje hilo jahazi, tia farumi

Mwanangu,

Assalamu alaykum. Huku Nungwi sote wazima, mamako anakusalimu sana. Ile video ya jahazi lako dogo la mfano nimeitazama mara tatu nne, na roho iliniuma pale lilipolala ubavu tanga likanywa maji, maana najua mikesha uliyokesha. Tafadhali usilivunje. Omo, pua ya mbele, imechongoka vizuri, mkuku, ule mti wa chini kabisa, umenyooka, umbo halina kosa.

Tatizo hesabu. Jahazi la kweli tuseme mita 10, tani 16, wewe umelipunguza mara 20 limekuwa sentimita 50, sawa, ila tanga limepungua mara 400 na uzito umepungua mara 8,000, yaani chombo na vitu vyake vyote kilo 2 tu, na upepo ni uleule wa kaskazi, haujapungua hata chembe! Tanga kwa uzito wake limeshakuwa kubwa mara 20, lisipinduke vipi?

Chukua mizani ya jikoni upime bodi, mlingoti, betri, mota, kila kitu, ikifika kilo moja na robo basi una gramu 750 za farumi, yaani uzito wa kukaa chini ili chombo kisipinduke, na usitie mawe kama sie kwenye vyombo vikubwa, mawe yanakula nafasi. Tia risasi, hizi chubwi za mshipi, uzilaze juu ya mkuku baina ya mataruma, zile mbavu za chombo, uzigandishe na epoksi, maana farumi ikihama hata chombo kikubwa kinazama. Na tanga lipunguze kidogo, spidi isikuhangaishe. Yule Muingereza William Froude, aliyejenga birika la kuvutia mifano ya meli ya nta kule Torquay mwaka 1872, ndo aliyeonyesha kuwa ukipunguza chombo mara 20 spidi yake inapungua kama mara nne na nusu tu, kwa hiyo lako likienda taratibu ndo mwendo wake hasa.

Jana nimechonga kibodi cha mwembe, urefu wa kiganja, nikakitia kwenye ndoo. Chubwi moja nikaiweka juu, kikayumba kikapinduka. Ileile nikaigandisha chini kwa nta, nikakisukuma kwa kidole, kikalala, kikasita, kikainuka chenyewe. Nikarudia mpaka magharibi.

Ukilijaribu huko Dar kwenye tangi la maji ya bomba, ujue baharini litaelea juu kidogo, chumvi hiyo, kama gramu 50 utaongeza. Idi njoo nalo, tutalishua pamoja asubuhi maji yakijaa.

Babako