Chalbi haipimwi kwa kilomita

Mhariri,

Wiki jana mpwa wangu alinipigia simu kutoka Nairobi kunisomea ratiba ya safari yake na wenzake watatu. Watoke Ijumaa jioni, Jumamosi mchana wale samaki Loiyangalani ufuoni mwa Ziwa Turkana, Jumapili usiku wawe nyumbani. Gari moja, spea moja. Nilimwambia, mwanangu, ratiba hii itawaumiza.

Nimeendesha lori njia hiyo tangu lami ilipokuwa ikiishia hapa Isiolo. Siku hizi imefika Moyale, na kwenda Marsabit ni kama kilomita 260 za kuteleza tu. Hapo ndipo vijana wanapodanganyika. Wanafika mlimani, wanakuta msitu na ukungu wa asubuhi, wanashuka mbugani kuliona Ziwa Paradise, wakibahatika wanaona ndovu. Uzuri huo nausifu mimi mwenyewe. Lakini ukiiacha lami kuelekea Maikona, Kalacha na North Horr, ni mawe meusi ya volkano yanayokata tairi, kisha mchanga, kisha jangwa la Chalbi.

Chalbi juu ina ganda jeupe la chumvi, gumu kama sakafu. Mvua ikinyesha, chini yake ni tope. Mwaka mmoja gurudumu langu la nyuma lilitoboa ganda hilo, lori likazama hadi ekseli. Tulikuwa wawili na jerikeni moja ya lita ishirini, na radieta nayo ilitaka yake. Siku ya pili tulikunywa kwa kifuniko cha chupa. Wagabra waliokuwa wakipitisha ngamia ndio waliotukatia makuti ya mikoma, tukayatandika chini ya tairi tukatoka. Hawakutaka hata shilingi.

Kwa hivyo nawasihi wanaopanga safari za Desemba: tengeni siku sita. Laleni Marsabit, mjaze tangi na jerikeni hapo hapo. Nendeni magari mawili, kila moja na spea mbili, na maji ya siku tatu zaidi ya mnazohesabu. Kila kituo waulizeni madereva wa malori kama mvua imenyesha mbele. Kurudi, piteni Laisamis; barabara hiyo ya kilomita 208 ilitengenezwa wakati wa kupeleka mitambo ya umeme wa upepo, ila ni changarawe, msiikimbize.

Serikali ya kaunti nayo naiomba iweke bango pale lami inapoachwa, liseme mafuta yanayofuata yako umbali gani na kama Chalbi inapitika leo. Hata ubao wa chaki utafaa, maana wenyeji wa hapo huijua hali ya njia kila asubuhi.

Mpwa wangu ameahirisha hadi Januari. Gari la pili limepatikana. Sasa anatafuta jerikeni.

Dereva mstaafu,
Isiolo